Iache kamera ikukae mkononi kabla hujanunua lenzi nyengine

Kwa miaka kadhaa nilipiga picha za harusi hapa Unguja nikidhani kazi imenichosha. Kumbe kilichonichosha ni mshiko. Kamera yangu ilikuwa ndogo, kidole cha mwisho kinaning'inia, na lenzi nzito inavuta kila kitu chini. Ikifika saa nne usiku naomba shughuli iishe tu. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujatoa pesa za lenzi nyengine, fanya haya.

Anza na mikono. Lenzi ilaze juu ya kiganja cha kushoto, kama unavyopokea bakuli la uji wa moto, na viwiko uvibane mbavuni. Mkono wa kulia usibebe uzito. Kazi yake ni vitufe. Nikon D750 ninayotumia sasa ina gramu 840 pamoja na betri na kadi, na nikiifunga lenzi ya 24-70 mm inakaribia kilo moja na robo tatu. Ubebeshe mkono wa kulia peke yake mzigo huo kuanzia ndoa mpaka usiku, kesho yake hata kukamua nguo utashindwa. Kidole cha mwisho kikikosa pa kukaa, ongeza kishikio cha betri chini. Na kwa jasho letu hili, kata pete ya mpira wa ndani wa baiskeli uivishe lenzi pale unapozungusha zumu. Haitelezi, na vidole vinaijua bila kutazama.

Hatua ya pili ndiyo iliyonirudishia hamu. Ingia kwenye menyu, uiondoe fokasi, yaani ule ulengaji unaoifanya picha itoke kali, kwenye kitufe cha kupigia na uihamishie kwenye kitufe cha nyuma, cha kidole gumba. Msikitini, shekhe ameushika mkono wa bwana harusi, watu wamekaa chini wamebanana, na neno "nimekubali" halisemwi mara mbili kwa ajili yako. Kidole gumba kikishaweka fokasi, cha shahada kinasubiri tu. Gurudumu la kidole cha shahada lililokuja na Canon T90 mwaka 1986 bado lipo kwenye kamera nyingi kwa sababu hiyo hiyo: unabadilisha kasi ya kupiga au upana wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga, na jicho halijaondoka.

Kitufe cha ISO, yaani cha kuongeza au kupunguza wepesi wa kamera kuona mwanga, kwenye kamera yangu kimepangwa kushoto mwa kioo cha nyuma pamoja na wenzake wanaofanana nacho. Nilikitia tone dogo la gundi, nikaliacha likauka. Sasa nakipapasa gizani nakipata.

Gurudumu dogo kando ya kidirisha cha kuchungulia lizungushe mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri. Wengi hawaligusi kabisa, kisha wanalalamika kichwa kinauma.

Mkanda wa shingoni uliokuja na boksi uvue. Tafuta mpana, uupitishe begani hadi ubavu wa pili, kamera ikae nyongani.

Sasa ijaribu. Baada ya Alasiri tembea kutoka Darajani, upitie Mkunazini mpaka Forodhani, kamera mkononi. Kila unapoitoa jichoni kutafuta kitufe, kiandike kitufe hicho kwenye simu. Ukirudi nyumbani, kinachojirudia zaidi kwenye orodha kihamishie kwenye kidole kilicho karibu, kesho utoke tena.