Mambo ya Kusemwa kwa Sauti Kabla ya Kisu

Mgonjwa akishapewa dawa ya usingizi hawezi tena kujisemea. Jina lake, upande unaouma, dawa inayomdhuru, vyote vinabaki vinywani mwetu tuliomzunguka. Kwa hiyo tukiandaa vifaa, tuandae na maneno.

Tuanze na jina, tena lote. Mwaka 2007, hapa hapa Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walichanganywa: aliyekuja kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Wodini kwetu kina Juma na kina Neema ni wengi. Usimwulize mtu, "Wewe ndiye Neema?" Mwenye hofu huitikia chochote. Mwulize, "Mama, jina lako kamili nani? Leo tunakufanyia nini, upande upi?" Aseme mwenyewe, nawe ulinganishe na faili na fomu ya ridhaa. Alama ya kalamu iwekwe kwenye ngozi akiwa macho.

La pili ni tumbo, na hili nalishikilia sana. Asubuhi moja, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, faili lilionyesha mama hajala tangu usiku. Kumbe ndugu zake waliingia saa 12 asubuhi na chupa ya uji. Aliyejua ni mhudumu aliyesukuma kitanda, maana kikombe alikiondoa yeye. Alisimama mlangoni, akanigusa kiwiko, akaninong'oneza: "Sista, yule mama kanywa uji." Nikaenda naye hadi kwa daktari wa usingizi, mhudumu akayarudia kwa sauti. Upasuaji haukuwa wa dharura, ukasogezwa. Uji ni chakula, hungojewa kwa muda wa kama saa 6. Ukipanda mgonjwa akiwa usingizini huweza kuingia mapafuni. Siku hizi mhudumu haondoki mlangoni kabla sijamwuliza, "Kaka, kuna lolote umeliona?"

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 ina vipengele 19, na inatutaka tusimame mara 3: kabla ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara kwetu, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini fomu inayojazwa jioni, mgonjwa keshapelekwa wodini, haijamlinda mtu.

Katika kusimama kwa pili, kila mmoja ajitaje jina na kazi yake. Tumelelewa kumwamkia mkubwa, si kumkatiza, na muuguzi aliyeajiriwa mwezi uliopita atamezea hata akiona kosa. Hapo mwenye kisu ndiye wa kumfungulia mlango: "Ukiona jambo, nisimamishe, hata kama huna uhakika." Mkubaliane mapema na maneno yenyewe, kwa mfano, "Dokta, naomba tusimame kidogo," na yakisemwa, mikono isimame kweli.

Damu iulizwe kwa undani. "Damu ipo" si jibu. Chupa ngapi, zimeshalinganishwa na damu ya mgonjwa, ziko wapi, nani atazifuata? Mtu mzima akitarajiwa kupoteza zaidi ya mililita 500, majibu hayo yawepo kabla ya kuanza. Antibiotiki iwe imeingia ndani ya dakika 60 kabla ya kuchana. Jenereta, oksijeni na mashine ya kufyonza vikaguliwe kwa kuwashwa.

Vitambaa na sindano vihesabiwe na watu wawili kwa sauti, viandikwe ubaoni, na vihesabiwe tena kabla ya kushona. Agizo liende kwa mtu, lisitupwe hewani: "Sista Rehema, leta chupa ya pili ya damu." Naye ajibu, "Chupa ya pili, naifuata."

Mwisho ni makabidhiano ya chumba cha uangalizi. Mpokeaji arudie alichosikia: upasuaji gani, damu kiasi gani ilipotea, dawa ya maumivu ilitolewa saa ngapi. Akikosea moja, usiondoke kitandani. Mwambie upya, arudie tena.