Kumlisha Mtoto wa Miaka 2 Hadi 5 Wakati Mama Anashinda Shambani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Njombe, na kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba nikiwatembelea wajawazito na kina mama wenye watoto wadogo. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tunalima mahindi, maharage, viazi mviringo na siku hizi maparachichi, na mazao yetu hulisha miji ambayo wengi wetu hatujawahi kufika. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba wakati asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao, kwa Njombe ni takriban nusu yao, na kwa jirani zetu wa Iringa ni zaidi ya nusu. Katika nyumba ninazoingia, mara nyingi gunia la mahindi lipo na debe la maharage lipo, lakini kati ya saa 12 asubuhi na saa 10 jioni hakuna mtu wa kumpa mtoto chakula. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na saa za siku kabla ya kufika kwenye chungu.

Hatua ya kwanza: fuatilia siku ya jana ya mtoto

Kabla hujabadilisha chochote, keti na ukumbuke siku ya jana tangu mtoto alipoamka hadi alipolala: alikula saa ngapi, alikula nini, nani alimpa, na ni kiasi gani kilibaki. Mama mmoja niliyemtembelea wakati wa palizi aliniambia, naye akiamini kabisa, kwamba mwanawe wa miaka mitatu anakula mara tatu kwa siku. Tulipofuatilia pamoja, tulikuta kwamba alfajiri alikunywa chai ya rangi na kipande cha kiazi, na jioni aliamshwa usingizini ale ugali, akala matonge mawili akalala tena. Mlo wa mchana ulikuwepo, kwa maana ya kwamba unga na mboga vilikuwa jikoni, ila dada yake wa miaka saba aliyeachiwa kumwangalia alikuwa amekatazwa kuwasha moto asije akaungua. Mama yule alikuwa na haki ya kuogopa moto, na wala hakuwa mzembe. Kilichokosekana ni mpango wa saa zile ambazo yeye hayupo.

Mtoto wa umri huu anahitaji milo mitatu na asusa mbili, kwa sababu tumbo lake ni dogo na haliwezi kubeba kwa mara moja chakula cha kutwa nzima. Linganisha hesabu hiyo na siku ya jana uliyoifuatilia, kisha weka alama mahali penye pengo. Kwa familia nyingi za hapa, pengo ni mchana.

Hatua ya pili: tenga cha mchana kabla ya kutoka

Ikiwa bibi, shangazi au jirani mtu mzima anabaki nyumbani, suuza chupa ya chai kwa maji yanayochemka, jaza uji ukiwa bado unatokota, na umkabidhi yeye, umweleze saa ya kumpa mtoto. Uji wa namna hiyo utakuwa wa moto hata saa sita mchana. Ikiwa anayebaki ni mtoto mwenzake, usimwachie chupa ya uji wa moto. Acha chakula kisichohitaji moto wala kumimina, kama viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi hiyo, ndizi mbivu, au parachichi, ambalo lina mafuta mazuri na ambalo tunalipakia kwenye makreti huku watoto wetu wakibaki na njaa. Maharage yaliyolala au ugali wenye mchuzi uliokaa tangu jana usivihesabu katika mpango huu mpaka uwe na mtu wa kuvichemsha upya hadi vitokote.

Kama unaenda na mtoto shambani, chukua chakula chake peke yake, na usitegemee kumtuliza kwa miwa au mahindi ya kuchoma mpaka mrudi.

Mpe pia sahani yake. Katika sinia la pamoja, kaka wa miaka minane anamega matonge matano wakati mdogo wake bado anapuliza la kwanza, na hakuna mtu anayegundua kwa sababu sinia limekwisha na wote wanaonekana wamekula. Ukimpakulia pembeni, utajua hasa amekula nini na amebakiza nini, na siku akianza kukataa chakula utaliona jambo hilo mapema.

Hatua ya tatu: pika uji wenye chakula ndani yake

Hapa naomba unisome kwa utulivu, maana ndipo nguvu nyingi za kina mama zinapopotelea. Uji mwepesi unaonyweka kama chai unamjaza mtoto maji. Chota kwa kijiko, kisha kiinamishe: uji unaofaa hushuka polepole, ilhali ule unaokimbia kama mchuzi bado haujatosha.

Kuhusu unga, watu wengi huchanganya mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga na maharage, wakisaga vyote kwa pamoja wakiamini kwamba wingi wa aina ndio lishe. Mimi siupendekezi mchanganyiko huo. Karanga zilizosagwa hutoa mafuta yanayoharibika upesi ndani ya unga, maharage na soya huhitaji moto wa muda mrefu kuliko uji, na punje moja yenye ukungu huingia katika unga wote bila kuonekana. Mwaka 2016 watu waliugua, na baadhi wakafariki, katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Tumia unga wa nafaka moja, ukiwa dona au ulezi, na uongeze karanga wakati wa kupika. Chambua karanga moja moja, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kaanga zilizobaki, zitwange hadi zilainike, kisha koroga kijiko kimoja au viwili vya chakula katika uji unaokaribia kuiva. Punje nzima usimpe mtoto wa umri huu, kwa kuwa zinaweza kumpalia.

Mtoto asiyeweza kumeza uji mzito, hasa anayeinuka kutoka katika ugonjwa, msaidie kwa kimea, yaani unga wa nafaka iliyochipuzwa. Mama anayejua kutengeneza togwa tayari anaijua nguvu yake. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue, uanike juani ukauke kabisa, kisha usage. Pika uji mzito karibu na ugali, uuepue, uache upoe kiasi cha kuvumilika kwa kidole, halafu tia kijiko kimoja cha kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache utauona ukilegea mbele ya macho yako bila kuongeza maji, na wingi wa unga ukiwa ni ule ule. Rudisha motoni uchemke tena kabla ya kumpa.

Hatua ya nne: weka kitoweo chake kila siku

Dagaa wanafaa sana kwa sababu huliwa pamoja na mifupa yao. Wachambue, toa mchanga, waoshe, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta, watwange, na uhifadhi unga wao kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Kijiko kimoja cha unga huo katika mboga au maharage ya mtoto kinatosha kubadilisha mlo. Mboga za majani zipike kwa muda mfupi, na umpe chungwa au papai karibu na mlo ili madini ya chuma yanyonywe vizuri zaidi. Chai ya rangi isikae pamoja na chakula, kwa kuwa inazuia madini hayo.

Kuhusu mayai, kabla trei haijaenda dukani, tenga ya mtoto. Jambo hili lizungumze na baba wa watoto mapema, vilevile idadi ya magunia yatakayobaki ndani baada ya mavuno ya Juni na Julai, kwa sababu miezi migumu ni Januari hadi Machi, wakati palizi imepamba moto na ghala limepungua. Nimeona wanaume wakielewa haraka wanapooneshwa kadi ya kliniki na mstari wa uzito uliolala, kuliko wanapoambiwa tu kwamba mtoto hali vizuri.

Hatua ya tano: usiiache kliniki baada ya miezi 18

Mtoto akishapata chanjo ya pili ya surua na rubela, familia nyingi huiweka kadi kabatini hadi siku ya kuandikishwa shule, na huo ndio muda ambao amekwisha kuacha ziwa na kuanza kugombania sinia. Endelea kumpeleka apimwe uzito na urefu hadi atimize miaka 5, apate matone ya vitamini A na dawa za minyoo mara mbili kwa mwaka, na umlete Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Pale tutampima mkono kwa utepe: chini ya sentimita 12.5 anahitaji kufuatiliwa kwa karibu, na chini ya sentimita 11.5 apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Utepe huo hauoneshi udumavu, hivyo mkono ulio kwenye rangi ya kijani ya utepe, yaani usiopungua sentimita 12.5, usikufanye uache kupima urefu. Mtoto akivimba miguu yote miwili, usisubiri siku ya kijiji. Mpeleke kituoni mara moja.