Malalamiko ya unyanyasaji wa kingono bungeni: namna ya kuyapokea, kuyachunguza na kuyatolea uamuzi

Katika ofisi ya kawaida, aliyeshikwashikwa na bosi anaweza kwenda kwa bosi wa bosi. Bungeni ngazi hiyo haipo. Mbunge kawekwa pale na wapiga kura, na hakuna ofisa utumishi anayeweza kumwandikia barua ya kumfukuza. Msaidizi wake mara nyingi kaajiriwa na mbunge mwenyewe, kwa mkataba unaokufa Bunge likivunjwa. Na wale ambao wangepaswa kumwajibisha, kuanzia mnadhimu wa chama, yaani msimamizi wa nidhamu na kura za wabunge wa chama chake, hadi wajumbe wa kamati ya maadili, kesho asubuhi wanaihitaji kura yake. Kwa hiyo kila utaratibu unaouandaa uupime kwanza kwa swali moja: katika safari yake, lalamiko hili litapita mikononi mwa nani mwenye haja na kura ya mlalamikiwa? Kila utakayemkuta hapo, mwondoe njiani.

Anza na kanuni, na ziandikwe kwa mifano. Maneno kama "mwenendo usiofaa" hayamsaidii mtu, kwa sababu kila mmoja anaamini wake unafaa. Andika wazi: kumgusa mtu kiuno au mapaja bila ridhaa yake, kumtumia picha za utupu, kumwita chumbani hotelini kwa kisingizio cha kupitia hotuba, kuzungumzia maumbile ya mtumishi mbele ya wenzake, kudai ngono ili mkataba uhuishwe au jina liingie kwenye orodha ya safari. Hilo la mwisho ni rushwa ya ngono, liite hivyo hivyo. Kisha taja wanaolindwa na wanaobanwa, maana si wabunge na wasaidizi peke yao. Wamo walinzi, wahudumu wa mgahawa, wanahabari, wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo na wageni. Kuhusu mahali, fuata Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019, ambao unahesabu pia safari za kikazi, hafla, malazi anayotoa mwajiri na mawasiliano ya simu. Kanuni inayoishia kwenye geti la Bunge inaziacha nje ziara za kamati, na huko ndiko watu hulala hoteli moja, mbali na macho ya wenzao.

Aliyetendewa naye ana ya kufanya kabla hajaamua kama atalalamika. Aandike siku hiyo hiyo: tarehe, saa, chumba, nani alikuwepo, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa, hata kama ni ya aibu. Ujumbe wa simu aupige picha ya skrini inayoonyesha namba na saa, kisha auhifadhi nje ya kifaa cha ofisi, kwa sababu siku akiachishwa kazi kompyuta hubaki kwa aliyemwachisha. Asihamishe nyaraka za siri za Bunge, maana hapo atampa mlalamikiwa kesi ya kumgeuzia kibao. Ikiwa amebakwa, hospitali na polisi vinatangulia utaratibu wa Bunge. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ni bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi hadi saa 120, ingawa kila saa inayopita huvipunguzia nguvu. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa aziweke kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi.

Mlango wa kupokelea malalamiko uwe nje ya ofisi ya spika na nje ya vyama, ukiwa na namba ya simu inayopokelewa na watu waliofunzwa. Hata mahali chumba kilipo pana maana: kikitazamana na ofisi ya mnadhimu, hakuna atakayegonga. Mpokeaji atenganishe mambo mawili tangu mwanzo. Kuna mtu anayetaka ushauri tu, na kuna aliye tayari kwa lalamiko rasmi. Wa kwanza asisukumwe kuwa wa pili, wala jina lake lisitoke bila idhini yake, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, na aelezwe hilo kabla hajaanza kusimulia. Lalamiko rasmi lipewe namba ya jalada, mlalamikaji athibitishiwe kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi kwamba limepokelewa, na jalada lisomwe na watu 2 au 3 tu wanaojulikana kwa majina. Siri huvuja kwa njia za kijinga mno: barua pepe yenye nakala kwa karani asiyehusika, au karatasi iliyosahaulika kwenye mashine ya kuchapa ya pamoja.

Usuluhishi usiwe sharti. Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1995, mfanyakazi wa Kongresi alilazimika kupita siku 30 za ushauri, siku 30 za usuluhishi na nyingine 30 za kusubiri kabla ya kwenda mahakamani, na fidia ikalipwa na hazina. Marekebisho ya Desemba 2018 yalifuta sharti hilo na kumtaka mbunge aliyenyanyasa arudishe fedha hizo kutoka mfukoni mwake. Kumweka msaidizi wa miaka 23 meza moja na mbunge wa vipindi vinne na kuwaambia "elewaneni" ni kumwomba msaidizi asamehe.

Mchunguzi atoke nje ya Bunge. Siku ya kwanza aombe kwa maandishi vitu vinavyofutika: picha za kamera za ulinzi, ambazo mitambo hurekodi juu yake baada ya muda, daftari la getini, kumbukumbu za magari na za funguo za vyumba. Uchunguzi mwingi hudhoofika hapa, kwa sababu mchunguzi alianza na mahojiano na kamera akazikumbuka mwezi wa pili. Mlalamikiwa apewe tuhuma zote kwa maandishi, muda wa kujibu na mtu wa kumshauri. Ukimnyima haki hiyo, uamuzi utaanguka kwenye rufaa na mlalamikaji ataumia mara mbili. Kipimo cha ushahidi kiwe kile cha mashauri ya madai: je, ina uwezekano zaidi kwamba jambo lilitokea kuliko kwamba halikutokea? Wakati uchunguzi unaendelea, anayehamishwa au kusimamishwa ziara awe mlalamikiwa. Mazoea ni kumhamisha mlalamikaji "kwa usalama wake", na ofisi nzima inaelewa kwamba ameadhibiwa.

Kwenye adhabu ndipo siasa hurudi kwa mlango wa nyuma. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2020 adhabu hupangwa na jopo la wataalamu wasio wabunge, na ikiwa ni ya kumsimamisha au kumfukuza mbunge, Bunge hupiga kura bila mjadala. Sharti hilo la kutojadili ni la thamani sana. Mjadala ukiruhusiwa, mlalamikaji atachambuliwa ukumbini na watu wenye kinga ya Bunge, asioweza kuwashtaki kwa kumkashifu. Kwa sababu hiyo hiyo, kanuni za kudumu zikataze kumtaja mlalamikaji au kugusia shauri lake ukumbini. Ziseme pia kwamba shauri halikomi kwa mbunge kujiuzulu au kushindwa uchaguzi, na kwamba msaidizi ambaye mkataba wake umekwisha bado ana haki ya kulalamika.

Kisasi bungeni ni nadra kuja kwa barua ya kufukuzwa kazi. Jina linakosekana kwenye msafara, posho inachelewa, na mtu anapelekwa kupanga majalada ya zamani. Kwa hiyo rudi kwa mlalamikaji baada ya mwezi 1, 3 na 6, ukiwa na orodha za safari na malipo za kabla na baada ya lalamiko, uzilinganishe mstari kwa mstari. Usitosheke kumuuliza tu kama anaendelea vizuri, maana atasema ndiyo.

Kila mwaka chapisha idadi: yaliyopokelewa, yaliyothibitika, siku yalizochukua, adhabu zilizotolewa. Toa hesabu ya Bunge zima, usiigawe kwa kamati. Kwenye sekretarieti ya watu wanne, kuandika "lalamiko 1" ni sawa na kutaja jina.