Vuli inapangwa baharini, mfereji chimba Septemba

Wakulima wenzangu wa vuli, tusisubiri wingu ndo tuanze kutafuta jembe. Mvua ya Oktoba mpaka Desemba inapangwa mbali, kwenye Bahari ya Hindi. Mwaka wa kawaida hewa yenye unyevu inapanda kule Indonesia, inanyesha kwao, ikifika kwetu inashuka kavu, ndo maana vuli huwa ya wastani tu. Sasa maji ya upande wetu yakipata joto zaidi ya kawaida na ya kule yakapoa, mzunguko unageuka, upepo unasukuma unyevu kuja huku na mawingu yanajengeka juu yetu. Ndo ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Joto likijazana Indonesia tunakauka, na kuanzia mwisho wa 2020 wenzetu wa kaskazini mwa Kenya walikosa mvua misimu mitano mfululizo.

Kwa hiyo usitegee sikio El Nino peke yake, yaani lile joto la maji ya Bahari ya Pasifiki. 2019 haikuwepo ya maana na mafuriko yalikuja vilevile. Msikilize bwana shamba, na utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) ukitoka uliza Bahari ya Hindi inasemaje.

Ukisikia "juu ya wastani", kazi ya kwanza ni maji yatapita wapi. Chukua miti miwili yenye urefu sawa, funga kama herufi A na mti mwingine wa kukingama katikati, ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni, uzi ukikaa kwenye alama ya katikati ya huo mti wa kukingama ujue miguu yote iko usawa mmoja, hapo piga kigingi, geuza mguu, endelea hivyo mpaka mwisho wa shamba. Chimba kufuata vigingi, udongo tupa upande wa juu, panda majani ya tembo kwenye tuta. Nimeona watu wanachimba mfereji kushuka na mteremko moja kwa moja, mvua mbili tu unakuwa korongo, inauma sana.

Maharage bondeni weka kwenye matuta, yanaoza mizizi haraka. Urea usimwage yote mara moja, gawa mara mbili, na usiweke maji yakiwa yametuama. Mahindi ya zamani anika na uyatoe shambani mapema, yakinyeshewa sumukuvu inaingia.

Ukisikia "chini ya wastani", punguza mahindi, ongeza mtama na choroko, ila makinga maji, yaani ile mifereji ya kufuata vigingi, chimba tu, maana yanashika hata mvua moja ikija kwa nguvu, na hata mwaka wa mvua nyingi zinaweza kukatika wiki mbili mahindi yakiwa yanatoa mbelewele.