Mtoto haitiki jina wala haonyeshi kidole: anzia wapi kutafuta mazoezi ya usonji

Mimi ni OT hapa Dar, yaani mtaalamu wa tiba kazi, tunaomsaidia mtoto aweze shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kucheza, wale mnaowaona na mipira mikubwa na bembea ndani ya chumba cha hospitali mkatuita watu wa mazoezi. Karibu kila wiki naletewa mtoto na sentensi ileile, "bibi yake anasema hata baba yake alichelewa kuongea". Inawezekana kweli alichelewa. Ila kama mtoto ana mwaka mmoja na haitiki jina lake, ana mwaka na nusu na hakuonyeshi kitu kwa kidole, au ana miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili, inaweza kuwa dalili ya usonji (autism), ubongo wake unakua tofauti katika kuwasiliana na kuhusiana na watu, usisubiri mpaka aanze chekechea. Na kama alikuwa na maneno yake, anasema mama, anasema maji, halafu yakapotea, nenda wiki hiihii.

Hatua ya 1: shika simu urekodi

Kabla hujapanga foleni yoyote rekodi video fupi tatu: anakula, anacheza mwenyewe, na wewe unamwita kwa nyuma. Usimwelekeze, usimwambie "mwonyeshe daktari", acha tu. Sababu ni kwamba ukifika kliniki mtoto atakuwa amelala au analia, na daktari ana watu sitini nje.

Kuna mama mmoja wa Mbagala alinijia na video ya sekunde 40 hivi. Mtoto yuko sakafuni anazungusha kifuniko cha sufuria, mama anaita mara tano, hageuki hata shingo. Halafu jikoni mtu anafungua pakiti ya biskuti, ile krrr tu, mtoto huyo anakimbia. Ilinisaidia kuliko nusu saa ya maelezo. Lakini angalia, bado nilimpeleka kupimwa masikio, kwa sababu mtoto anaweza kusikia pakiti na asisikie vizuri sauti ya mtu, au ana majimaji sikioni. Kipimo cha usikivu usikiruke hata kama una uhakika anasikia.

Pembeni uwe na daftari. Andika miezi, alikaa lini, alitembea lini, maneno gani anayo, nini kinamfanya azibe masikio au akatae kula.

Hatua ya 2: kliniki na rufaa

Anzia pale unapompeleka kupima uzito, ubebe kadi yake. Ukisema "haongei" utaambiwa vuta subira, kwa hiyo sema hivi: naomba apimwe ukuaji, haitiki jina, haonyeshi kidole, na naomba rufaa ya daktari wa watoto na ya masikio. Barua ya rufaa isome kabla hujatoka. Huku Dar wengi wanaishia Muhimbili, Kaskazini ni hospitali ya KCMC Moshi, ambako pia ndiko walikosomea OT wengi wa nchi hii.

Mtoto akiwa na miezi 16 hadi 30 muulize mhudumu kuhusu dodoso la M-CHAT. Lina maswali 20 ya ndiyo na hapana, halina malipo. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 hadi 7 utaulizwa maswali ya ziada, 8 kwenda juu anapelekwa moja kwa moja kwa uchunguzi. Sio kipimo cha kusema ana usonji, ni cha kusema aangaliwe.

Hapa niseme na langu. Nilipoanza kazi nilimwambia mama mmoja tumsubiri afike miaka 3. Alirudi mtoto ana miaka minne na nusu, na akitaka maji anajing'ata mkono, maana hakuna njia nyingine aliyofundishwa ya kuomba. Toka hapo sitamki tena neno tusubiri.

Hatua ya 3: anza nyumbani kabla ya karatasi

Foleni ya uchunguzi inaweza kuchukua miezi, na mazoezi hayahitaji karatasi ndio yaanze. Nitoe zoezi moja tu ila lifanye kweli. Chukua sabuni na maji, mrija, pulizia mapovu. Kaa chini, uso wako ulingane na wake, sio umesimama juu yake kama mwalimu wa zamu. Puliza mara mbili tatu afurahi, halafu acha kupuliza, mrija uko mdomoni, hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Hapo mara nyingi mtoto atafanya kitu, atakuangalia, atagusa mkono wako, atatoa sauti yoyote. Chochote alichofanya ndio ombi, sema "puliza!" na upulize hapohapo. Usimwambie sema puliza kwanza, ukimlazimisha neno ataondoka na mchezo umeisha. Dakika tano asubuhi, tano jioni, kisha hamishia kwenye uji, kuoga, kuvaa viatu, bembea ya baba.

Dada wa kazi naye afundishwe jamani, maana ndiye anayeshinda naye.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi ya aina hii, vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9. Uliza kama kituo chako kinayatoa.

Hatua ya 4: kumchagua mtaalamu

Wataalamu wa usemi nchini ni wachache mno, kwa hiyo mara nyingi utaanza na OT au mwalimu wa elimu maalumu, sio vibaya. Ukifika uliza vitu viwili: lengo la miezi mitatu ni lipi, na mimi nyumbani nifanye nini. Akijibu "tutamchangamsha" bila kueleza, endelea kutafuta. Akikuzuia kuingia chumbani, toka na mtoto wako.

Kuhusu ABA, yaani mazoezi ya kumfundisha mtoto tabia na ujuzi kwa hatua ndogondogo na kumtuza akifanya, wazazi wananipigia wamechanganyikiwa wamesoma kwamba bila saa 40 kwa wiki mtoto amepotea. Hiyo 40 imetokana na utafiti wa mwanasaikolojia Lovaas kule Marekani, 1987, na humohumo watoto walifokewa na wakati mwingine kupigwa kofi la paja. Siku hizi ABA nzuri inafanyika ndani ya mchezo. Mimi kwa maoni yangu saa mbili za mtaalamu anayekufundisha wewe zinashinda ishirini ambazo wewe umekaa kwenye benchi nje unachezea simu. Anayepiga, hata kidogo, huyo hapana.

Sina ugomvi na dua wala maombi, nenda. Ila anayekuuzia dawa ya kusafisha madini mwilini au anayeahidi atapona kwa wiki sita anataka hela yako, na hizo dawa zinaumiza watoto.

Hatua ya 5: hela na shule

Bima waulize kabla ya kikao cha kwanza, wakutajie huduma gani inalipwa na vikao vingapi. Shule zipo za msingi za serikali zenye kitengo cha usonji, mfano Msimbazi Mseto pale Ilala, kwingine mtafute afisa elimu maalumu wa halmashauri yako, na nenda mapema kwa sababu nafasi zinajaa.

Kila baada ya miezi mitatu rudi na daftari, rekodi tena video zilezile tatu, muangalie pamoja na mtaalamu, kama hakuna kilichosogea mbadilishe lengo. Yule mtoto wa kifuniko bado hana neno hata moja. Siku hizi anachukua pakiti ya biskuti anaiweka mkononi mwa mama yake, na sasa hivi zoezi letu ni mama kuhesabu mpaka tano kabla ya kuifungua.