Somo: Kitasa cha mlango wa PVC, kinavyofanya kazi na jinsi ya kukibadilisha

Kitasa cha mlango wa mbele wa PVC kikianza kugoma, mara nyingi fundi anaitwa, anang'oa kitasa kizima na kuweka kipya, kisha baada ya muda mfupi mlango unagoma vilevile. Kitasa cha kwanza hakikuwa na ubovu. Mlango ndio ulioshuka, au ulitanuka kwa jua, na kulabu zake zikawa hazilengi tena matundu ya fremu. Kwa hiyo usinunue kitu chochote kabla hujafanya jaribio lililo hapa chini.

Kilichomo ndani

Fungua mlango utazame ubavu wake. Utaona bamba jembamba la chuma linaloshuka kutoka karibu na kona ya juu hadi karibu na kona ya chini. Usawa wa mkono, nyuma ya bamba hilo, kuna giaboksi, yaani kisanduku cha gia. Hapo ndipo ulipo ulimi wa mshazari, ule unaorudi kwa springi mlango ukibamizwa, pamoja na jino nene la kufungia. Juu na chini ya giaboksi kuna kulabu, rola au pini, kutegemea aina.

Ukiinua mkono wa kitasa juu, chuma cha mraba kinachopita kwenye giaboksi huzungusha gia, gia husukuma vyuma vyembamba vilivyo nyuma ya bamba, na kulabu hutoka. Ufunguo hautoi kulabu. Kazi yake ni kuzungusha kidole cha silinda (sehemu unapoingizwa ufunguo) ili giaboksi ijifunge na mkono usishuke tena. Anayebamiza mlango na kuondoka ameacha ulimi peke yake ukishika nyumba. Inua mkono hadi mwisho kwanza, kisha ndipo uzungushe ufunguo.

Jaribio kabla ya bisibisi

Acha mlango wazi, inua mkono, zungusha ufunguo. Kama kila kitu kinakwenda laini mlango ukiwa wazi na kugoma ukiwa umefungwa, kitasa ni kizima na tatizo ni mlango na fremu kutolingana. Kama unagoma hata ukiwa wazi, chomoa silinda (utaratibu uko chini) na ujaribu mkono tena. Ukiwa bado mzito au unakwaruza, giaboksi au bamba ndilo bovu. Ukiwa laini, jaribu silinda ikiwa mkononi. Ufunguo ukizunguka kwa shida hapo, ubovu ni wa silinda, na hiyo hubadilishwa kwa dakika chache. Mkono unaoning'inia bila kurudi ulalo wake umekufa springi, na springi hiyo inaweza kuwa ya mkono wenyewe, si ya giaboksi.

Kwa hali ya hewa ya Dodoma, zingatia saa pia. PVC hutanuka takribani milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Mlango wa mita 2 ukipanda nyuzi 25 unaweza kurefuka milimita 3 na zaidi, ingawa chuma kilichomo ndani ya fremu hupunguza hilo. Tena uso wa nje hupata joto kuliko wa ndani, mlango unapinda kidogo na kulabu za juu na chini zinatoka kwenye mstari. Ndiyo maana mlango unaotazama magharibi hufungika vizuri saa moja asubuhi na kukataa saa kumi jioni. Rangi nyeusi au ya kahawia huzidisha. Mlango wa namna hiyo urekebishe mchana wa jua, si asubuhi.

Kurekebisha mlango ulioshuka

Tafuta alama. Mkwaruzo kwenye kizingiti upande wa mkono, au uwazi wa juu uliopana upande mmoja na kubana mwingine, maana yake mlango umeshuka. Bandua vifuniko vya bawaba. Nyingi zina skrubu za alen (zenye tundu la pembe sita), milimita 4 au 5, moja ya kupandisha na nyingine ya kusogeza pembeni. Zungusha nusu mzunguko kwa kila bawaba, kisha jaribu. Ukiipandisha bawaba moja tu, uzito wote utaikalia hiyo.

Mlango wenye kioo kikubwa una jambo lingine ambalo mafundi wengi wanaliruka. Kioo hukaa juu ya vipande vidogo vya plastiki, na vipande hivyo ndivyo vinavyoushikilia mlango usishuke. Kimoja kinene kinatakiwa kona ya chini upande wa bawaba, kingine kona ya juu upande wa mkono, ili uzito wa kioo uende kwenye bawaba. Vikiteleza, mlango unashuka hata bawaba zikiwa mpya. Toa vizuizi vya kioo kwa kisu bapa cha rangi, rudisha vipande mahali pake, ongeza kimoja cha milimita 2 au 3 pale panapohitajika. Mwingine ashike kioo muda wote.

Mwisho, vipokeo vya kulabu kwenye fremu, yaani vyuma vyenye matundu kulabu zinapoingia, vina matundu marefu ya skrubu. Paka rangi ya mdomo au chaki kwenye ncha ya kulabu, funga, fungua, utaona inapogusa. Legeza kipokeo, kisogeze, kaza.

Vipimo vya kununulia

Ikithibitika kwamba giaboksi au kitasa kizima kimekufa, kitoe kwanza uende nacho dukani. Kama unaagizia Dar es Salaam kije kwa basi, tuma vipimo hivi vyote pamoja na picha.

Cha kwanza ni kutoka uso wa bamba hadi katikati ya tundu la mraba la mkono. Utakuta 25, 28, 30, 35 au 45 mm. Cha pili ni kutoka katikati ya tundu la mraba hadi katikati ya duara la silinda, na 92 na 85 ndizo zinazokutwa sana. Hiki kikikosewa, sahani ya mkono (kipande bapa kinachoshika mkono usoni pa mlango) haitakaa kabisa. Cha tatu ni upana wa bamba, mara nyingi 16 au 20 mm. Angalia pia unene wa chuma cha mraba, kwa kawaida 8 mm, na umbali kutoka tundu la mkono hadi kila kulabu, maana hapo ndipo vipokeo vya fremu vilipo. Soma na maandishi yaliyogongwa kwenye bamba au kwenye giaboksi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, yataonekana.

Silinda hupimwa kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila ncha, kwa mfano 35/45. Isitokeze nje ya sahani zaidi ya milimita 2 au 3. Inayotokeza mwizi huibana kwa plaizi na kuivunja palepale tundu la skrubu linapopita, kwa sababu hapo ndipo shaba ni nyembamba. Ziko silinda zilizochongwa mkato mbele ili zivunjike nje na kubakiza sehemu inayofunga. Kwa mlango wa mbele, hizo ndizo za kutafuta.

Kutoa na kuweka

Weka kabari chini ya mlango usitikisike. Kwenye bamba, usawa wa silinda, kuna skrubu ndefu ya M5 (unene wa milimita 5), itoe yote. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana, nyuzi 10 hadi 15, huku ukivuta silinda. Hapa wengi hukwama. Ufunguo ukiwa wima kabisa, kidole cha silinda kimelala pembeni na kuzuia; kinapolingana na mwili wa silinda, inatoka bila nguvu. Usigonge kwa nyundo.

Legeza skrubu za sahani ya ndani huku ukishika ya nje isidondoke, toa mikono na chuma cha mraba. Toa skrubu zote za bamba kutoka juu hadi chini, uziweke kwa mpangilio kwa sababu urefu hutofautiana. Chomeka bisibisi bapa nyuma ya bamba karibu na giaboksi, libetue taratibu, litatoka zima. Giaboksi nyingi hushikwa kwenye bamba kwa skrubu ndogo mbili hadi nne, na kama bamba ni zima unaweza kubadilisha giaboksi peke yake.

Giaboksi mpya mara nyingi huja na kipande cha plastiki kinachoishika katikati. Usiizungushe kabla ya kuifunga kwenye bamba. Kulabu zote ziwe zimeingia ndani, gia ikiwa katikati, ndipo meno yatakutana. Ukifunga kulabu ya juu ikiwa imetoka nusu, mkono hautafika mwisho kamwe.

Rudisha bamba na ukaze skrubu kwa mkono. Drili ya umeme hula uzi wa PVC kwa sekunde. Rudisha chuma cha mraba, mikono, kisha silinda na skrubu yake ya M5. Skrubu za mikono zikikazwa mno, sahani zinaikaba giaboksi na mkono unakuwa mzito, basi legeza robo mzunguko. Jaribu mara kumi na zaidi mlango ukiwa wazi ndipo uufunge.

Maswali ya wanachama (kila mmoja kwa jina la mahali alipo)

Nkuhungu: Mkuu, mlango umefungwa, mkono unazunguka bure, hakuna kinachofunguka. Skrubu ya silinda iko ubavuni, siifikii. Nifanyeje?
Jibu: Mara nyingi kulabu moja imebanwa na kipokeo. Mtu mmoja asukume mlango kwa bega karibu na kulabu ya juu, kisha ya chini, na wewe ushushe mkono na kuzungusha ufunguo kwa wakati uleule. Sukuma na vuta, yote mawili. Ikishindikana, toa sahani ya ndani na ujaribu kuzungusha gia kwa chuma cha mraba na spana. Ikikataa hapo, silinda itavunjwa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Ilazo: Shikamoo fundi. Upepo wa huku unajaza vumbi kwenye tundu la ufunguo. Naweza kutia mafuta ya kula?
Jibu: Marahaba. Hapana dada, mafuta ya kula huganda na kushika vumbi hadi pini za ndani zinakwama. Kwenye silinda tumia unga wa grafiti. Risasi ya penseli laini iliyosagwa inafaa, ipake kwenye ufunguo uingize na kutoa mara kadhaa. Grisi kidogo ni ya kulabu na ulimi, si ya silinda.

Kondoa: Mpangaji kaondoka na funguo. Nibadilishe kitasa chote?
Jibu: Badilisha silinda tu. Kama una milango miwili, omba dukani silinda zinazofunguliwa na ufunguo mmoja.

Iyumbu: Ufunguo ukiachwa ndani ya tundu, wa nje haufungui. Ni ubovu?
Jibu: Si ubovu, silinda nyingi za kawaida ziko hivyo. Ziko zinazofunguka pande zote hata ufunguo ukiwa upande wa pili. Uliza dukani kabla ya kulipa. Ziko pia zenye kitufe cha kuzungusha upande wa ndani, nzuri moto ukitokea usiku maana hutafuti ufunguo. Ila kama kioo kiko karibu na mkono, kitufe hicho kinafikiwa kwa kuvunja kioo.

Manyoni: Skrubu za bamba zinazunguka bila kukaza.
Jibu: Uzi umekwisha. Weka skrubu nene zaidi, kwa mfano 4.8 mm badala ya 4.2, yenye urefu wa kufika kwenye chuma kilichomo ndani ya PVC. Njiti ya kibiriti na gundi havitahimili, kwa sababu bamba hilo huvutwa kila mkono unapoinuliwa.