Kabla hujashusha Impreza yako
Kama Subaru Impreza yako ndiyo ya kwendea kazini kila siku, usikimbilie springi fupi za kushusha kimo chake. Anza na shokapu mpya zenye ubora, pamoja na bushi (vipande vya mpira kwenye maungio ya chini ya gari). Magari mengi yanayoyumba yamechoka hapo tu. Springi fupi, ngumu, juu ya shokapu zilizokwisha hulirusharusha gari, na matuta yetu yatakula bampa. Bado linalala kwenye kona? Weka chuma cha stabilaiza cha nyuma (kile kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale) kinene kidogo, hakipunguzi kimo cha gari.

Na hili mafundi wengi hulisahau: bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, mpira hubaki umejipinda na huchanika mapema. Kisha kapime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu.